Mizigo Umeshafunga?

Cheyo, Tabora
5 Juni 2023

Eusta shoga yangu,

Salamu za nyumba nzima. Bibi anasema pilau ya harusi ya kaka yako bado anaisikia mdomoni. Baba yetu Mzee Anselm mpe shikamoo yangu.

Nimekupigia simu wiki nzima, hupatikani. Nimempigia Emilian, hivyo hivyo. Nikasema bwana harusi ana shughuli zake, lakini wewe mwalimu wa darasa la tatu una shughuli gani ya kuzimia simu? Basi nimeamua kuandika, kama tulivyokuwa tukiandikiana wakati wa likizo tulipokuwa sekondari. Tobias, kondakta wa basi la Urambo, amesema atakuletea mpaka shuleni.

Nataka ujue ile harusi imenifungulia milango. Unakumbuka pale niliposhika kipaza sauti nikamwambia bibi harusi, "Advera, sanduku lako liache kwenu Ipole. Hawa Warundi ukiwachekea wanakaa miaka hamsini, ukiwanunia wameshavuka mto Malagarasi na chungu bado kiko jikoni"? Ukumbi uliangua kicheko mpaka mpishi akatoka kuchungulia. Halafu nikamgeukia mzee wetu: "Mzee Anselm, mizigo umeshafunga?" Naye akainua soda yake, akajibu, "Bado kidogo tu, mwanangu." Yule mzee ni mcheshi kuliko mimi.

Kijana wa kamera alinipa kipande hicho, nami nikakiweka mtandaoni. Eusta, kimesambaa. Hapa mjini hata mtu akiinuka mapema kikaoni anaulizwa, "Mizigo umeshafunga?" Nimeshaitwa kusherehesha harusi tatu za huku na moja ya Nzega.

Washa simu, tucheke pamoja.

Wako,
Nihal


Urambo
14 Juni 2023

Nihal mwenzangu,

Barua nimeipata kwa Tobias. Sisi ni wazima. Simu yangu iliingia maji, na ya Emilian betri yake haishiki. Nafurahi kusikia kazi zinakuja.

Kuna jambo dogo. Kama si usumbufu, ile video ungeiondoa, au ungekata pale unapotaja Warundi na pale anapoonekana baba. Harusi ni ya familia, na Advera ni mgeni kwetu, hapendi kuangaliwa.

Baba amekuitikia shikamoo. Anaulizia kama huko mjini kuna habari yoyote. Nilimuuliza habari gani, akasema wewe utaelewa. Nimeandika kama alivyosema.

Msalimie Bibi.

Eustadia


Cheyo
20 Juni 2023

Eusta,

Barua yako imenifikia baridi kama uji wa jana. Simu mbili zipate hitilafu wiki moja, na jina lako uliandike lote kama unamwandikia mkaguzi wa shule. Nimekukosea nini?

Kama ni ile video, naomba unisikilize. Mimi ni nani nisijue utani? Babu yangu alizaliwa hapa Tabora, baba yangu kazikwa hapa, na kila asubuhi nikifungua duka Masolwa wa buchani ananipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Mwarabu, ndege ya Maskati inaondoka, mbona hujapanda?" Namjibu kwamba nasubiri anilipe deni la kanga za mkewe. Tunacheka, siku inaanza. Nikianza kununa nitanuna mpaka lini?

Na mji huu umejengwa na utani. Wale wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakitoka hapa na pembe za ndovu vichwani mpaka pwani, walifikaje bila kuuana na watu wa njiani? Walifika kwa Wazaramo wakawaita watumwa wao, wakawakamatia kuku, wakacheka wote. Mpaka leo Mnyamwezi akienda msibani kwa Mzaramo anaweza kulala ndani ya kaburi asitoke mpaka apewe pesa, na hakuna anayekwenda polisi. Utani ndio unaoonyesha kwamba tumezoeana. Ningewatania vipi kama nisingewahesabu kuwa ndugu?

Baba yako mwenyewe alicheka. Wewe pia ulicheka, nilikuona.

Video nitaangalia namna ya kuikata, ingawa watu wanaipenda hapo hapo. Na Mzee Anselm mwambie habari ipo, tena kubwa, ila si ya kuandikwa kwenye barua. Aje mwenyewe nimpe sikioni. (Bibi anasema akipata mume mwingine atamtaka mtulivu kama mzee. Hiyo usimwambie.)

Nihal


Urambo
2 Julai 2023

Nihal,

Nimesoma barua yako mara nyingi kabla ya kujibu. Nilimsomea baba ule mstari wake. Alitikisa kichwa tu kukubali, kama mtu aliyethibitishiwa jambo.

Simu hazikuingia maji. Tulizizima. Sijui namba zetu zilitoka wapi, labda kwenye kadi ya harusi. Wanapiga watu tusiowajua. Wengi wanauliza tu mizigo tumeshafunga, wanacheka, wanakata. Wengine wanauliza shamba tutamwachia nani. Mmoja hakucheka kabisa. Alimtaja Emilian kwa jina lake, la baba na la babu, akasema anapajua tunapokaa, akakata.

Shuleni nilikuwa naandika ubaoni, mtoto wa nyuma akasema, "Mwalimu, mizigo umeshafunga?" Darasa likacheka. Ni watoto, nikacheka nao. Halafu msichana wa dawati la mbele, mtoto mpole, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mwalimu, ukiondoka tutafundishwa na nani?" Nilishindwa kumaliza hesabu niliyokuwa nimeianza.

Kwenye kituo cha kununulia tumbaku Emilian alipanga marobota yake kwenye foleni. Mtu akayasogeza nyuma, akasema mgeni hujifunza kusubiri. Watu wakacheka. Akayarudisha, yakasogezwa tena, wakacheka tena. Alisubiri mpaka jioni. Nihal, yule mtu amesoma na Emilian tangu darasa la kwanza.

Jumatano wanaume wawili wakasimamisha pikipiki njiani, wakamuuliza mtoto wa jirani nyumba ya yule Mrundi wa kwenye video ni ipi. Mtoto akawaonyesha. Mimi nilikuwa naanika mahindi uani, nikawaona kupitia uwazi wa ua. Hawakushuka. Waliiangalia nyumba, wakaangalia njia inayokwenda shambani, wakawasha pikipiki wakaondoka. Hawakufanya lolote. Ndiyo maana sina wa kumshtaki, na ndiyo maana tangu siku hiyo kila pikipiki ikipunguza mwendo nakwenda kuchungulia kwenye ua.

Juzi mjomba wake Advera alikuja kutoka Ipole na dumu la asali. Alikula vizuri, akamsifu Emilian kwa banda lake la kukaushia tumbaku, kisha akasema anamchukua mpwa wake akae kwa mama yake mpaka mambo yatulie. Nikamuuliza mambo gani. Akasema, "Mambo tu, mwanangu." Advera alilia lakini alipanda pikipiki.

Unasema utani. Mzaramo aliyeitwa mtumwa alikuwa na jibu lake, na alikuwa amesimama kwao. Mnyamwezi akimaliza kula kuku wa watu alijua njia ya kurudi Unyanyembe, na Mzaramo akija huku anamfanyia vile vile. Ni watu wawili wenye uzito sawa. Sisi jibu letu lilikuwa lipi pale ukumbini? "Bado kidogo tu." Baba aliletwa hapa kutoka Burundi mgongoni mwa mama yake. Uraia amepewa, kiapo ameapa, kura amepiga, mama yangu kamzika hapa. Ukimuuliza kama amefunga mizigo, unadhani anasikia unalosema wewe? Nami nilicheka, ndiyo. Ningefanya nini, ninune mbele ya wakwe, waseme Warundi wana hasira?

Sikukwambia la mwisho. Baba siku hizi analala na viatu miguuni. Anasema ni baridi.

Eustadia


Cheyo
7 Julai 2023

Eusta,

Nimeiondoa. Niliiondoa siku ile ile, nimesimama na barua yako mkononi. Lakini inaendelea kuzunguka kwenye makundi ya simu ambayo siyafahamu, na wengine wameweka muziki juu yake. Nimewaandikia ninaowajua. Wananijibu kwa vikatuni vya kucheka.

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Jana waliingia vijana watatu dukani, mmoja ameshika simu anarekodi. Wakasema, "Mama Maskati, na wewe mizigo umeshafunga?" Nikacheka, nikawauliza wanataka kitenge au kanga. Hawakutaka kitu. Hawakuondoka. Mmoja alipita akishika majora ya vitambaa moja moja, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Hili duka utamwachia nani?" Masolwa alikuwa mlangoni, amekuja kuomba chenji. Nikamwangalia ili aseme neno. Alicheka. Siwezi kumlaumu, ndivyo tunavyocheka kila siku mimi na yeye. Lakini nilipotaka kuwajibu, Eusta, maneno hayakuja, mimi ninayelipwa kwa maneno.

Walipotoka nilimpimia mteja mita tatu, nikakata mbili.

Bibi, aliyesikia yote kutoka ndani, aliniuliza, "Umecheka?" Nikasema nimecheka. Akasema, "Vizuri. Usiache." Nimeishi naye maisha yangu yote, sikujua kama lilikuwa fundisho.

Naomba mniwie radhi. Nitakuja nimwombe radhi mzee mwenyewe.

Nihal


Urambo
11 Julai 2023

Nihal,

Baba haonekani. Jana niliporudi kutoka shule nilikuta kitanda kimetandikwa na kikombe chake kimeoshwa. Baiskeli ipo. Kuna mfuko alikuwa ameuweka chini ya kitanda tangu baada ya harusi, nao haupo.

Emilian amekwenda upande wa Malagarasi na watu wawili. Naona aibu kukuandikia hili: sisi wanawe, mahali pa kwanza kutujia akilini ni mto, kama ulivyosema ukumbini.

Tafadhali nenda stesheni, uliza kama kuna mzee aliyeteremka au aliyepanda. Nenda hospitali. Nenda polisi pia, ila sijui utawaambia ametoweka nani. Sema ni mzee wa Urambo. Usiseme zaidi.

E.


Cheyo
12 Julai 2023

Eusta,

Yupo hapa. Ni mzima. Tobias anaondoka sasa hivi na barua hii, nimemwambia asiikabidhi kwa mtu mwingine ila wewe. Emilian nimempigia, hapatikani, mtume mtu amfuate arudi.

Barua yako ilinikuta tayari ninaye. Alikuja asubuhi, nilikuwa ndiyo kwanza nafungua duka. Amevaa koti lake la harusi na ana mfuko wa salfeti, ule wa kutilia nafaka. Alikuwa njiani siku mbili, kwa lori la mkaa mpaka njia panda, kisha kwa miguu. Nikamwamkia, akaitika, nikamkaribisha ndani. Alikataa kiti mpaka nilipokaa mimi. Nikaanza kumwomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mimi nimekuja kukushukuru," akasema.

Sikuelewa. Nikasema, "Baba, unanishukuru nini?"

"Ulituambia mbele ya watu wote na hakuna aliyejua kuwa umetuambia. Hata wanangu hawakuelewa. Nilicheka ili nisikuharibie. Halafu ukaandika kwamba habari ni kubwa, nije mwenyewe." Akasogeza kiti, akashusha sauti. "Sasa niambie tu ni lini. Tarehe ya kweli sihitaji, niambie kama ni kabla ya mvua au baada."

Nikamwambia hakuna tarehe, hakuna habari, nilikuwa natania. Habari niliyomwandikia ilikuwa ni upuuzi juu ya Bibi na mume. Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto anayeficha kitu kwa sababu ameagizwa na wakubwa.

Akasema, "Hata yule alisema hivyo."

Nikauliza yule nani. Ndipo akanieleza, na nakuandikia kama alivyosema kwa sababu sidhani kama aliwahi kuwaambia.

Alikuwa mtoto mdogo. Kwao Burundi, mwaka ule wa mauaji, watu walikuwa wamekaa mchana kwa jirani, wanakunywa pombe ya ndizi, na jirani ni rafiki wa baba yake. Yule jirani akamjazia baba yake kibuyu, akasema, "Kunywa sana leo, kuanzia kesho utatupungukia." Watu wote wakacheka. Baba yake alicheka kuliko wote. Mama yake hakucheka. Alimwangalia yule jirani usoni, na jirani akainamisha macho. Basi mama yake akainuka, akachukua mtungi kama anakwenda kuchota maji, akamfunga yeye mgongoni, akamshika dada yake mkono, hakurudi tena. Baba yake alibaki kumalizia kibuyu. "Jirani alisema ule ni utani, baba akasema mama ana wasiwasi tu," mzee akaniambia. "Mpaka leo sijui kama yule jirani alikuwa anatutania au alikuwa anatuokoa. Labda hata yeye hakujua. Lakini mwenye kucheka akabaki, na asiyecheka akanileta mimi hapa."

Mteja aliingia, nikamwambia nimefunga.

Nilimwapia kwa jina la baba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mwanangu. Hutaki kusema. Una duka na una Bibi, usijiingize kwenye matatizo kwa ajili yetu." Akataka kuondoka. Nilimzuia kwa kumwambia Bibi atakasirika asipomsalimia.

Bibi alimpa chai na mkate wa kumimina, akamuuliza habari za tumbaku. Baadaye mzee akamuuliza yeye lile lile swali, kwa adabu, kama anauliza saa: "Bibi, kwani ninyi mmeambiwa ni lini?"

Nilidhani Bibi atacheka au atamkemea. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Sisi hatujaambiwa, mwanangu. Na mimi nangoja kuambiwa."

Wamekaa hivyo barazani tangu adhuhuri. Hawazungumzi sana. Mimi nimekaa dukani, mlango nimeurudisha nusu, na nasikiliza kila anayepita.

Njooni mumchukue, au nimlete. Niambie nimwambie nini.

Nihal


Urambo
14 Julai 2023

Nihal,

Barua yako niliisoma juzi jioni nikiwa wima stendi, Tobias akinisubiri nimalize.

Sisi tuliambiwa babu alikufa kwa homa. Bibi yetu hakuwahi kusema zaidi, na tulipokuwa wadogo alikuwa akitugombeza tukicheka sana mbele ya wageni. Tulidhani ni ukali wake tu.

Emilian alifika mpaka mtoni. Walimwonyesha mzee mmoja anayevua samaki, hakuwa yeye. Amerudi jana, atakuja Jumamosi kumchukua baba. Mpaka hapo mtunze. Asile chumvi nyingi.

Unauliza umwambie nini. Usimpe tarehe hata akikubembeleza, maana najua utashawishika kumpa moja ya mbali ili apumzike. Usiape tena. Kadiri unavyoapa ndivyo anavyoona kuna kitu. Na usimwambie kwamba haiwezi kutokea kamwe. Wewe hujui, mimi sijui, na yeye anajua kwamba hatujui.

Sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo, nilikuwa nimeshapanga maneno. Sasa nimebaki na woga tu, na woga umenijaa mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine.

Funga duka mapema.

Eusta


Cheyo
21 Agosti 2023

Eusta,

Umenyamaza tangu Emilian alipomchukua mzee, nami nikaona nisikusumbue. Lakini nina la kukuuliza na sina mwingine.

Siku ile ya kuondoka, Bibi alimsindikiza mpaka stendi, yeye asiyetoka nje ya Cheyo ila kwa mazishi. Basi lilipoanza kuondoka mzee alinipungia mkono, akaweka kidole kwenye midomo yake, yaani siri yetu ataitunza. Bado anaamini. Nimeiona hiyo picha kila siku tangu hapo.

Vijana hawajarudi dukani. Niliwaona sokoni, wakaniamkia vizuri tu. Mmoja kumbe ni mtoto wa mteja wangu. Sijui kama nilikuwa nimeogopa bure. Masolwa bado ananiita Mwarabu asubuhi, nami bado namjibu, ila sasa kabla sijajibu namtazama usoni kwanza. Juzi akaniuliza, "Siku hizi una nini?" Nikasema macho yanauma.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Nzega kwenye ile harusi. Bibi harusi kwao ni Kigoma, mpakani na Burundi, na meza za nyuma wakaanza kugonga chupa zao, "Mizigo, mizigo." Walinilipia nauli kwa ajili ya hiyo. Nikashika kipaza sauti. Mbele yangu alikaa baba wa bibi harusi, mtu mzima, koti limempwaya mabegani, na tayari alikuwa ameanza kutabasamu kabla sijasema kitu. Eusta, lile tabasamu nalijua. Ndilo la Bibi, ndilo langu siku ile dukani. Nikasema kipaza sauti kimeharibika, nikawaita wapiga muziki. Walizomea kidogo. Sidhani kama wataniita tena.

Swali langu ni hili. Kazi hii niiache kabisa? Au upo utani ambao hauna mtu chini yake? Nimekaa kutafuta mmoja tu, na kila ninaoupata naona koti la yule mzee.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Nihal


Urambo
24 Septemba 2023

Nihal,

Nisamehe kwa kuchelewa. Simu nimewasha tangu mwezi huu ulipoanza, namba ni mpya, nitakupa tukionana. Wanaopiga kwenye ile ya zamani wamepungua. Watu wamepata kitu kingine cha kuchekea.

Advera amerudi. Alikuja peke yake, kwa miguu kutoka stendi, mjomba hakumleta. Hakueleza na hatukumuuliza. Alivaa kanga, akaingia jikoni, akalalamika kwamba sufuria zangu nimezitunza vibaya.

Baba yuko hivi. Anakula, anaongea, Jumapili anakwenda kanisani. Lakini msimu huu hajagusa jembe. Majirani wote wameshaandaa vitalu vya miche ya tumbaku, yeye anakaa kwenye kiti chake uani. Emilian akimwambia mbegu zimefika anasema, "Panda wewe, ndiwe utakayejua kama utavuna." Karani wa chama cha ushirika alipokuja kuandika makisio ya wakulima, baba alimwambia amwandike Emilian, yeye bado hana uhakika. Karani akadhani ni uzee.

Nilikuandikia kwamba sisi hatukuwa na majibu. Nilisahau mtu mmoja, au sikutaka kumtaja wakati ule nina uchungu. Ni Wenceslaus, jirani yetu, Mnyamwezi wa hapa hapa, shamba lake linagusana na letu. Tangu sijazaliwa yeye na baba walikuwa wakitukanana mpaka mama anaziba masikio. "Mrundi, mbuzi wako wamekula mahindi yangu, au kwenu hayo huitwa majani?" "Mnyamwezi, wewe umezoea kuwabebea watu mizigo, wabebee na mbuzi wangu matumbo." Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya nyumba yetu, sikuwa naisikia tena kwa kuizoea.

Baada ya video Wenceslaus aliacha. Kwa heshima, nadhani, au kwa aibu. Akawa anapita anasema, "Habari za asubuhi, Mzee Anselm," kama anamsalimia mfiwa. Mimi nilimshukuru moyoni. Baba alinivuta pembeni akaniambia, "Umeona? Hata Wenceslaus ameshaambiwa." Ndiyo maana sikujibu swali lako mapema: ningekwambia uache utani, lakini nilikuwa nimeshaona kwamba hata kunyamaza kunamwogopesha.

Jana Wenceslaus alikuja na jembe lake. Hakuomba. Aliingia uani, akaenda pale baba anapolimia kitalu kila mwaka karibu na kisima, akaanza kulima. Baba kiti hakukiacha, ila alikigeuza ili aone. Mimi nilikuwa mlangoni na madaftari ya watoto. Wenceslaus ni mzee pia, tuta lilikuwa linakwenda upande.

Baba akasema kwa sauti, "Mnyamwezi, hicho ni kitalu au ni kaburi? Mrundi kipofu angelima kikanyooka kuliko hivyo."

Nihal, tangu harusi sijamsikia akilitamka hilo neno, Mrundi.

Jembe likasimama. Wenceslaus aliinua kichwa, na niliona kicheko kimeshamfika mdomoni, lakini hakukiachia. Hakumwangalia baba. Aliniangalia mimi, kama anayeomba ruhusa, na macho yake yalikuwa na woga ule ule wa kwetu. Nami sikujua kama nimpe au nimnyime. Baba alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, amemkazia macho, anamsubiri ajibu.

Eusta